Isike, beki wa Unyanyembe



Kuna kitu kwenye mpira siku zote kinaniudhi. Mshambuliaji anaweza kukosa magoli matano ya wazi, akafunga la sita, na kesho yake jina lake liko kila ukurasa. Beki anazuia dakika themanini na tisa, anateleza mara moja, na hiyo mara moja ndiyo watu watakayoisimulia mpaka anazeeka. Sasa historia ya huku kwetu Tabora nayo ina tabia hiyohiyo. Mtemi Mirambo, mshambuliaji, nani hamjui? Ana shule, ana mtaa mpaka Dar, na timu ya Milambo iliyowahi kucheza ligi kuu ilibeba jina lake. Mtemi Isike wa Unyanyembe yeye alikuwa beki, na anajulikana kwa kitu kimoja tu: namna alivyokufa. Muulize yeyote aliyesoma historia shuleni, atakujibu, Isike si ndiye yule aliyejilipua na baruti? Ndiyo huyo. Halafu basi, kimya, hadithi imeisha.

Mimi nataka niongelee zile dakika themanini na tisa. Maana jamaa alikaa kwenye kiti karibu miaka 17, na siku aliyojilipua ilikuwa moja.

Kwanza tuuone uwanja wenyewe. Kabla ya reli na kabla ya lami, njia kuu ya kutoka pwani kuingia bara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaikata Ugogo kwenye ukame na hongo za kila kijiji, ikaja kutua Tabora. Ni kama kilomita 800, na msafara ulitembea miezi miwili mpaka mitatu. Ukishafika hapo Tabora, ambapo wageni wa mwanzo walipaita Kazeh, njia inagawanyika. Moja inakwenda magharibi mpaka Ujiji, unavuka ziwa unaingia Kongo. Nyingine inapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Nyingine inashuka kusini. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu, na kutoka pwani zilipanda nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Watumwa nao walipita hapo kwa maelfu, hilo tusilifiche. Mizigo ilibebwa na nani? Wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Kijana wa Kinyamwezi enzi zile alikuwa hahesabiwi mwanaume mpaka abebe mzigo, afike pwani, aione bahari na arudi.

Kwa hiyo anayeishika Tabora ameshika makutano. Msafara ukifika una njaa, una wagonjwa, unahitaji wapagazi wapya, unahitaji chakula na maji. Hapo mwenye nchi anasema, karibuni, lakini lipeni hongo. Siyo rushwa kama tunavyoitumia hiyo lugha leo, wadau. Ilikuwa ushuru wa kupita, kama unavyolipa kizuizini. Ugomvi wote nitakaousimulia hapa, ukiuchimba mpaka chini, unakuta swali hilohilo moja: nani analipa na nani analipwa pale Tabora?

Waarabu wa pwani walianza kukaa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1850, wakati wa Mtemi Fundikira. Mwanzoni walielewana. Walioleana hata. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimuoa Karunde, binti wa Fundikira, na akakaa Itetemia kama mkwe wa nyumba. Fundikira akafariki mwaka 1858, akaingia Mnywa Sere. Huyu kijana alikuwa moto. Akasema Waarabu nao walipe ushuru wa mali zao kama wengine. Wale hawakukubali. Vita ikaanza, na kufikia mwaka 1860 walikuwa wamemfukuza na kumweka mtu mwingine wa ukoo uleule, Mkasiwa. Mnywa Sere akaingia porini na watu wake, akawa anaipiga misafara barabarani. Mzungu Speke alikutana naye huko njiani mwaka 1861, bado anatafuta namna ya kurudi kwake. Hakurudi. Mwaka 1865 alikamatwa na kuuawa.

Ninasimulia haya kwa sababu Isike alikuwa mtoto wa huyo Mkasiwa. Hebu fikiria. Baba yako amepata kiti kwa sababu wafanyabiashara wageni walimtoa mwenzake aliyewadai ushuru. Kila asubuhi unaamka unajua, na wao wanajua, na watu wako wanajua. Hata kama baba ni mtu mzuri kiasi gani, kuna madai ambayo hawezi kuyafungua mdomo kuyasema. Isike alikulia kwenye nyumba yenye deni.

Na wakati baba yuko kwenye deni, upande wa magharibi akatokea Mirambo. Mirambo alijijenga pale Urambo na jeshi lake la ruga-ruga, vijana wasio na mke wala shamba, kazi yao vita. Mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakakusanya jeshi kwenda kumwondoa, na yule mwandishi wa gazeti, Stanley, ambaye alikuwa anamtafuta Livingstone, akajiunga nao akidhani ni kazi ya siku mbili. Wakapigwa vibaya. Wakati wao wanakimbia, Mirambo akaja mwenyewe mpaka Tabora, mwezi wa nane mwaka huohuo, akachoma sehemu ya mji. Stanley alikuwa Kwihara, amejifungia kwenye tembe anatoboa matundu ya bunduki ukutani. Tembe hilo ndilo Livingstone alilokuja kukaa mwaka 1872 kusubiri mizigo yake, na mpaka leo ukipanda bodaboda pale mjini ukamwambia dereva nipeleke kwa Livingstone, anajua.

Mkasiwa akafariki mwaka 1876, Isike akakalia kiti. Haya ndiyo aliyoyarithi: nje yuko Mirambo anayegonga mlango, ndani wako Waarabu wanaojiona ndio wenye nyumba, na jirani wengi wa Unyamwezi wanaona Unyanyembe ni mali ya pwani. Angekuwa mtu wa pupa angefanya kama Mnywa Sere, adai chake siku ya kwanza, afukuzwe siku ya pili. Hakufanya hivyo.

Alichofanya Isike kilikuwa cha taratibu, na ndiyo maana hakisimuliwi. Hakuna ngoma inayochezwa kwa ajili ya mtu aliyejenga ukuta. Yeye aliendelea kukaa upande mmoja na Waarabu dhidi ya Mirambo, kwa sababu kwa wakati ule aliwahitaji, huku akijenga nguvu yake mwenyewe. Akaajiri ruga-ruga wake. Akanunua bunduki na baruti kila msafara ulipoleta. Akasimamia hongo. Na Waarabu wenyewe wakamsaidia bila kujua, kwa kugombana. Mwaka 1878 walimwondoa gavana wao wa siku nyingi, Said bin Salim, kwa fitina za wao kwa wao. Watu wakishagawanyika makundi kila kundi linamtaka mtemi upande wake, na mtemi mwenye akili hapo anavuna bila kulima. Ndani ya miaka michache mambo yakageuka. Baba yake aliwekwa na Waarabu, lakini ilipofika katikati ya miaka ya 1880 ni Waarabu wa Tabora waliokuwa wanajiuliza Isike anataka nini leo.

Halafu tarehe 2 Desemba 1884 Mirambo akafariki. Hapa naomba mashabiki wa Mirambo msinirukie, mimi pia namkubali. Lakini angalieni kilichotokea. Ile himaya kubwa aliyoipiga kwa miaka zaidi ya kumi ilianza kuvunjika karibu mara moja, ndugu yake Mpandashalo hakuweza kuishika. Timu iliyokuwa inategemea mtu mmoja mbele. Isike hakuwa na himaya ya kuvunjika, alikuwa na makutano ya njia na ukuta, na kufikia mwisho wa miaka ya 1880 ndiye aliyekuwa amebaki mtawala mwenye nguvu kuliko wote Unyamwezi. Hakushinda fainali yoyote. Yeye alibaki amesimama tu, wenzake wakaisha.

Ukuta wenyewe tuuongelee kidogo, maana ndio unakuja kubeba hadithi. Boma la mtemi wa Kinyamwezi halikuwa uzio wa miti tu. Kulikuwa na tembe, nyumba ndefu za udongo mnene zenye paa bapa, zimeunganishwa moja na nyingine mpaka zenyewe zinakuwa ukuta, na nje yake kuna magogo yaliyosimamishwa. Ndani unakuta vyumba, vichochoro, nyua ndani ya nyua. Mgeni akiingia bila mwenyeji anapotea. Makao hayo ya mtemi kwa Kinyamwezi yanaitwa ikulu, na ukienda huko kwa mtemi unakwenda kwikulu. Wajerumani waliliandika boma la Isike kwenye taarifa zao Kwikuru kwa Siki, yaani kwa Isike. Kwa hiyo mnaposikia kwenye redio kwamba waziri ameitwa Ikulu, mjue neno limetoka huku kwetu. Magogoni na Chamwino wamelikopa.

Sasa wageni wengine wakaanza kuja. Isike alikuwa ameshawaona Wazungu wengi wakipita, wengi wao wagonjwa, wanabebwa, wanalipa hongo kama mtu mwingine. Wamisionari wa White Fathers walijenga Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wafanyabiashara Wajerumani wa pembe za ndovu nao wakaja, na mmoja wao, Giesecke, aliuawa Tabora mwaka 1886. Waarabu hawakutaka mshindani kwenye biashara ile, na aliyekuja kunyongwa na Wajerumani kwa kesi hiyo alikuwa Mwarabu. Isike na Wazungu hawakupendana. Mwaka 1889 wale mapadri waliona hali si salama, wakafunga Kipalapala wakaondoka.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Pwani ilikuwa inawaka. Bushiri alikuwa amepigana na Wajerumani tangu 1888, na mwezi wa kumi na mbili 1889 walimnyonga Pangani. Habari hizo zilipanda na misafara. Kwa hiyo Isike alikuwa anajua kinachokuja. Asije mtu akasema huko bara walishtukizwa, njia ile ilikuwa ndiyo intaneti yao, taarifa ya Bagamoyo ilifika Tabora na mzigo wa kwanza.

Katikati ya mwaka 1890 akafika Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuwa gavana kule Sudani ya kusini, safari hii akiwa na bendera ya Wajerumani. Waarabu wa Tabora waliangalia yaliyompata Bushiri, wakapiga hesabu, wakakubali. Bendera ikapandishwa, na Mwarabu mmoja akateuliwa kuwa liwali chini ya Wajerumani. Angalia huo mchezo ulivyochezwa, wadau. Miaka kumi na minne Isike amewatoa Waarabu juu ya kichwa chake, wakajikuta wanamsikiliza yeye. Kwa karatasi moja wakarudi juu yake, sasa wakiwa na Mjerumani nyuma. Na mtemi kwa hesabu ya karatasi hiyo ni nani? Ni mtu wa chini ya liwali, aliyeko chini ya luteni.

Mimi nadhani hapo ndipo vita ilipoanza, hata kama risasi zilichelewa. Isike hakukimbilia kupigana. Alivuta muda, akatoa kidogo alipobanwa, akakataa kubwa. Beki mzuri hamrukii mshambuliaji miguuni, anarudi nyuma anamsukuma pembeni. Lakini Wajerumani wakaweka kituo palepale Tabora, na kituo hakiwezi kukaa jirani na mtu anayechukua hongo kwenye barabara wanayoiita yao. Isitoshe, tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikuwa wamelimaliza jeshi la Zelewski kule Lugalo. Baada ya aibu hiyo hawakuweza kuvumilia mtawala mwingine mwenye kichwa ngumu tena kwenye njia kuu ya kwenda maziwa makuu.

Mwezi wa sita 1892 wakaja. Na hapa kuna kituko ambacho sikukisikia shuleni hata siku moja. Kituo cha Tabora kilikuwa na askari wachache, kikaomba msaada kwa msafara uliokuwa unapita, wa bwana mmoja mwenye cheo cha ukabaila, Schweinitz. Msafara huo ulikuwa wa kamati ya kupinga utumwa, na pesa za kamati hiyo zilipatikana kwa kuchezesha bahati nasibu kule Ujerumani. Yaani watu wa Berlin walinunua tiketi wakitumaini kushinda, na sehemu ya pesa ikaja kuwa risasi za kumpiga Isike. Wakashambulia boma, wakashindwa. Baada ya siku chache wakarudia, wakashindwa tena. Risasi inaingia kwenye udongo inamezwa. Ukuta haukuanguka, na waliokuwa ndani walikuwa na bunduki na baruti za miaka kumi na sita ya kukusanya.

Mara mbili, wadau. Jeshi la Kaiser lilirudishwa mara mbili pale nje kidogo ya Tabora, ndani ya mwezi mmoja, na hakuna kijana anayevaa fulana yenye picha ya Isike. Lugalo ilikuwa shambulizi la porini, ndiyo inaimbwa. Ya Isike ilikuwa kuzuia, ikasahaulika.

Nilipokuwa nazunguka upande wa Itetemia kuuliza mambo haya nilimkuta mzee mmoja kivulini chini ya mwembe. Nikamwambia, shikamoo babu, nataka kujua habari za mtemi aliyejilipua. Aliitikia salamu halafu akanyamaza kabisa. Baadaye akaniuliza kama na mimi nikifa ningependa watu waulizie ugonjwa ulioniua au watoto niliowalea. Nikakaa chini. Ndipo akaanza kunieleza mambo ya mashamba, nani alipewa ardhi wapi, nani alihukumiwa vipi. Baruti hakuitaja mpaka naaga.

Lakini kwa kuwa nyie mnaisubiri, tufike huko.

Baada ya kushindwa kwa 1892 ilibidi aletwe mtu wa kazi. Alikuwa Luteni Tom von Prince, kijana wa miaka 26, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius, baba Mwingereza na mama Mjerumani. Waswahili walimpa jina Bwana Sakarani, yaani mtu aliyelewa, na hawakuwa na maana ya pombe. Jeshi la Wajerumani wakati ule wazungu wake walikuwa wachache. Askari wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri na watu wa kusini kutoka Msumbiji, na vita hii ya Tabora ilikuwa na wasaidizi wa hapahapa pia waliokuwa na visa vyao na Isike. Kwa hiyo anayekuambia ilikuwa weupe dhidi ya weusi hajaisoma vizuri.

Januari 1893 Prince akalishambulia boma. Safari hii askari walipenya mpaka ndani. Sasa vile vichochoro na nyua vilivyokuwa vinamlinda Isike vikawa vinapiganiwa kimoja kimoja. Alirudi nyuma, chumba baada ya chumba, mpaka kikabaki cha mwisho, ambacho ni stoo ya baruti. Akaingia humo na watu wa nyumba yake, akawasha.

Hakufa papo hapo. Hiki ndicho kipande ambacho vitabu vya shule vinakiruka. Walimtoa kwenye kifusi akiwa mahututi, bado ana pumzi, wakamnyonga kwenye mti. Mtu ambaye angekufa mwenyewe baada ya muda kidogo. Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu ninaloliona ni kwamba walikuwa hawataki afe kwa mkono wake. Walihitaji ionekane kwamba wao ndio wamemuua, na ionekane hadharani, kwa sababu kwa miezi saba iliyopita njia nzima ilikuwa inajua walishindwa.

Naomba nieleweke, simfanyi malaika. Utawala wake ulikula kwenye biashara ileile ya pembe na watumwa iliyokuwa inapita mlangoni. Ruga-ruga hawakuwa skauti. Na kuna wana Unyanyembe ambao siku ile hawakulia. Tena suala la kuingia na familia kwenye stoo ya baruti mimi linanisumbua mpaka leo. Wapo wanaolisimulia kwa sifa, kama ushujaa mtupu. Mimi nawafikiria wale waliokuwa humo ndani na yeye, ambao hakuna aliyewaandika majina, na sijui kama kuna aliyewauliza.

Prince aliendelea. Ndiye aliyekuja kumwinda Mkwawa mpaka mwaka 1898 Mkwawa alipojipiga risasi. Mwenyewe alikufa kwa risasi kwenye vita ya Tanga, Novemba 1914.

Na Unyanyembe? Wajerumani walimweka mtawala mwanamke wa ukoo wa kitemi, Nyaso, na kazi ikarudi kuwa kama ya Mkasiwa, kukalia kiti ulichopewa na mwingine. Mwaka 1898 wakaleta kodi ya kibanda. Yaani watu ambao mtemi wao alikuwa anapokea ushuru kwa kila anayepita, sasa wanalipa wao kwa kulala kwenye nyumba zao wenyewe. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, na baada ya hapo makutano ya njia yakawa stesheni. Wale wapagazi waliokuwa wanahesabiwa wanaume kwa kuiona pwani wakaanza kuifuata kwa kazi za mkonge.

Ukoo haukuisha. Abdallah Said Fundikira, ambaye alikuwa mtemi wa Unyanyembe wakati utemi unaelekea kufutwa mwaka 1963, ndiye aliyekuwa waziri wetu wa sheria tulipopata uhuru, na alifariki mwaka 2007.

Sasa najua wadau wa Iringa mnajiandaa kuniuliza kwa nini Isike hakutoka bomani akaingia porini kama Mkwawa alivyofanya, akawasumbua miaka minne. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba Mnywa Sere alishajaribu pori, na watoto wa Unyanyembe waliona alivyoishia: miaka mitano anahangaika nje wakati mwingine amekalia kiti chake. Aliyekuwa amekalia kiti hicho ni baba yake Isike. Pori alilijua kutoka upande wa pili. Mtu wa makutano ya njia akiyaacha makutano anabaki na nini mkononi?

Mnaobisha nafasi ya maoni iko hapo chini. Na kama kuna mtu wa Itetemia, Kwihara au Kwikuru ambaye nyumbani wanasimulia majina ya waliokuwemo bomani siku ile, namwomba sana ayaandike.